Formasio ya bakonseye na komite ya kartie, Lubumbashi: maoni yangu kisha kuimaliza

Nianze na jibu ya suali, kama hii formasio ya namna komini inaongozwa inafaa kuenda ao hapana, juu najua bengi kati yenu njo munatafuta ile tu: ndiyo, enda. Kama uko konseye ya komini (mutu mwenye kuchaguliwa mu baraza yake), ao shefu wa kartie, ao uko mu komite ya maendeleo kama mimi, ao uko raia wa kawaida mwenye kulipaka takse kila siku na mufereji mbele ya nyumba inabakia vilevile imejaa uchafu, hii formasio inafaa feza yake. Lakini kama unatafuta tu breve, ile karatasi ya kumaliza masomo, ya kutia mu dosie ya kuomba kazi, bakia ku nyumba, kwa ile bei ni kubwa na utachoka bure.

Sasa nieleze polepole. Ni masomo ya wikendi, siku ya posho kuanzia asubuhi mpaka mangaribi, na siku ya Mungu kisha misa, mu sale moja kubwa ku komini ya Kenya, haiko mbali na soko. Jina ya nyumba yenye kuifanya sitaiandika hapa, juu kuko mambo nitalaumu chini na sipendi igeuke vita, lakini batu ya Kenya na Kamalondo banaijua, uliza ku parokia utaonyeshwa. Bei ni dolari 40, fotokopi na chakula ya midi viko ndani, unaweza kulipa mara mbili, na banakupatia kitansi yenye kashe. Ile kitansi ilinifurahisha tangu mwanzo, juu mutu mwenye kufundisha bamama wa soko kuomba kitansi lazima yeye mwenyewe aitoe.

Mu sale tulikuwa batu ya kila namna. Bakonseye bale balichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, bashefu wa kartie, bamama wa soko, bamwalimu, banafunzi wa UNILU (iniversite ya Lubumbashi), pastere moja, vijana ba taksi moto. Ile kuchanganya njo kitu ya kwanza nilipenda. Formasio mingi inatenganishaka batu, bakubwa mu hoteli na klimatizere, raia chini ya muti, kisha kila mutu anarudi kwake na maneno yake, na siku balikutana ku komini hakuna mwenye anamusikia mwenzake. Hapa konseye anakaa ku banki moja na mama mwenye kuuzisha tomati, na mama anamuuliza mbele ya batu bote: baba, tulikupigia kura, sasa kazi yako ni nini? Na konseye anatafuta jibu, na jibu haiko, na formatere anamuacha atafute.

Ule formatere njo sababu kubwa ya mimi kuandika. Ni muzee mwenye kustaafu. Alianza kazi mu utawala ya teritware wakati hii Katanga yetu ilikuwa inaitwa Shaba na komini zilikuwa zinaitwa zone. Alipita mu sheria ya 1982 ya utawala wa mikoa, akapita mu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, mu sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ile yenye inapangaka kazi ya miji, komini, sekta na shefferi (hizi mbili za mwisho ni za ku vijiji), akaona Katanga inakatwa mara nne mu 2015, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Na mu ile miaka yote kazi yake ilikuwa moja: kuenda mu sekta na mu komini kufundisha bakonseye na basekretere namna ya kushika rejista, namna ya kuandika PV (karatasi ya kumbukumbu ya mukutano), namna ya kupanga bije (hesabu ya feza ya kuingia na ya kutoka), namna ya kuita mukutano batu bakuye kweli. Bengi benye masomo yake balienda kutafuta vyeo ku Kinshasa. Yeye alibakia na marejista. Haongeake kwa nguvu, haikuwe na projektere, eko na mubao, choki, na koferi ya makaratasi ya zamani, PV za mikutano zenye kuandikwa na mukono, na anazisoma kama mutu mwenye anasoma barua za batoto wake. Nilimuheshimu sana, na ninasema wazi, kama inchi hii ingekuwa na batu mia moja kama yeye mu kila provensi, komini zetu hazingekuwa vile ziko.

Siku ya kwanza ni ya sheria na ni siku nguvu kidogo, ninakuambia ukweli. Lakini ilinifungua macho ku jambo moja lenye tulikuwa tunagombania kila wakati mu kartie. Katiba mu artikle ya 3 inataja provensi, na chini yake mji, komini, sekta na shefferi, basi, njo izi ziko na uhuru wake na bije yake. Kartie haimo. Kartie ni mukono ya komini tu. Kwa hiyo ile siku tunaendaka kumufokea shefu wa kartie juu ya barabara na balbu ya taa, tunamufokea mutu asiye na hata kasanduku ya feza, na ule mwenye kasanduku anakaa kimya ku biro yake ya komini akisubiri tuchoke. Tangu ile siku mikutano yetu imebadilisha mulango.

Kisha anaeleza komini yenyewe. Konseye komina, ni kusema baraza ya bakonseye bote, njo chombo cha kuamua. Koleji ya utendaji njo ya kutenda, ndani mwake kuko burugumestri, ni kusema mukubwa wa komini, musaidizi wake, na bashevini (bajumbe bengine ba koleji) bawili. Ile baraza njo inapashwa kumuchagua burugumestri. Kwa miaka na miaka uchaguzi wa komini haukufanyika, na baburugumestri bakawa banateuliwa kutoka Kinshasa, na mutu mwenye kuteuliwa kutoka mbali anaangalia kule alitokea, hii haitaki masomo mingi kuielewa. Mu Desemba 2023 tulipata karatasi ya kura ya ine, ya bakonseye, pamoja na ya prezida na ya badepite ba inchi na ba provensi, na kwa vijana bengi mu sale ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yabo kuona jina ya jirani yabo ku karatasi ya kura.

Muzee akatukumbusha kitu chenye bengi ba Lubumbashi hatukijue, na inauma juu ni historia yetu. Mu Desemba 1957, mbele ya uhuru, miji mitatu ilipigaka kura ya komini: Léopoldville, Élisabethville, ni kusema hapa kwetu, na Jadotville, ni kusema Likasi. Wanaume tu njo balikubaliwa kupiga. Mama moja wa soko ya Kenya akasimama akasema, basi mama yangu alikuwa hapa, alikuwa analipa takse ya soko na hakukuwa na kura, na mimi niko na kura na takse ninalipa, lakini kitansi bado hawanipatie. Sale yote ikanyamaza. Muzee akaandika maneno yake ku mubao na tukakaa juu ya ile sentensi mpaka saa ya chakula, na ilikuwa somo nzuri kupita artikle zote.

Sasa siku ya bije. Bandugu, hata kama mutakosa siku ingine, hii musikose. Alileta bije ya komini moja ya kweli, jina ameifuta, akatugawa mu vikundi na kila kikundi kalkuleta moja. Kuko kolone mbili: ile walitabiri kuingiza, na ile iliingia kweli. Kisha mbili zingine: ile walitabiri kutumia, na ile ilitumika. Akasema musiangalie jumla, muangalie nafasi kati ya kolone. Tukaangalia. Takse ya etalaje ya soko, ile bamama banalipa kwa pahali ya kuuzishia, kwa kutabiri ni kidogo sana ukilinganisha na idadi ya bamama bale tunawaona na macho yetu kila asubuhi, tukafanya hesabu na bamama wenyewe bako pale, kila mumoja anasema analipa ngapi kwa siku, na hesabu ikakataa kabisa kulingana na karatasi. Hakuna mutu alisema neno ya mwizi. Muzee hakutaka. Akasema mbele ya kusema mwizi muombe rejista ya kitansi, muhesabu namba za kitansi, muone kama zinafuatana, kisha muandike barua. Ile namna ya kwenda polepole na karatasi mu mukono, siyo na makelele, njo kitu nimechukua hapo na sitaiacha.

Na migodi. Hapa kwetu huwezi kufundisha komini bila kusema migodi, juu sisi tunakaa juu ya shaba na kobalti na bado tunaruka matope. Sheria ya migodi ilikuwa ya 2002 ikabadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Redevansi, ni kusema feza yenye kampuni inalipa juu ya madini yenye inauzisha, inagawanywa hivi: 50 kwa mia inaenda serikali kuu, 25 kwa mia provensi, 15 kwa mia komini ao sekta ao shefferi kwenye mugodi iko, na 10 kwa mia mfuko wa vizazi vyenye vitakuya. Tukafanya mufano ku mubao: kampuni ikilipa redevansi ya dolari 1,000,000, Kinshasa inapata 500,000, provensi 250,000, komini 150,000, mfuko wa vizazi 100,000. Na ile 15 ya komini inapashwa kuingia mu konti ya komini moja kwa moja, haipite Kinshasa kwanza. Tena kuko ingine, 0.3 kwa mia ya mauzo ya kampuni ya mwaka, ya miradi ya batu benye banakaa karibu na mugodi, hii si redevansi, musichanganye. Mugodi ikiuzisha kwa dolari 100,000,000 ile inatoa 300,000. Kijana moja wa Ruashi alikuwa anaandika mbiombio mpaka biki yake ikakauka, akaomba ingine. Mimi nilikuwa nasikiaka kwamba kuko feza ya migodi, nilikuwa sijuake inapita mulango gani. Sasa najua na nimefundisha komite yetu yote.

Katiba nayo inasema 40 kwa mia ya mapato ya inchi ibakie mu provensi pale pale inapatikana, ni artikle ya 175, na ile haiyatumikaka vile imeandikwa, provensi na komini zinangojea Kinshasa irudishe, inarudisha kidogo, inachelewa. Muzee aliisema bila kulia sana. Akasema ile ni vita ya badepite, ninyi mu komini muanze na takse ya soko ile iko mbele ya macho yenu. Nilikubali nusu. Naona angeisema zaidi, juu konseye wengi watajificha nyuma ya ile 40 kwa mia kusema hatuna feza, na raia lazima bajue wapi konseye anasema ukweli na wapi anatafuta pa kujificha.

Zoezi ya mukutano ilikuwa tamu. Tunafanya kama konseye komina imekaa: kuko prezida wa konseye, kuko sekretere, kuko ordre di juru (mambo ya kuzungumuza) ku mubao, kuko raia nyuma benye kuangalia. Neno ni moja: feza haitoshe, kuchimba mifereji ao kutoa uchafu ya soko ao kutengeneza chumba ya kuzalia ya sentre de sante? Mara ya kwanza ikawa makelele tu, kila mutu mifereji ya avenue yake. Muzee akasimamisha. Akaonyesha namna ya kupanga: kwanza kila mutu aseme tatizo, siyo suluhisho, kisha bahesabu nani anaumia na bangapi, kisha bei, kisha kura. Akaeleza bije ya pamoja ilianzaka ku Porto Alegre, inchi ya Brazili, mu 1989, batu ya mitaa yenye haina maji wakapewa nafasi ya kuamua sehemu ya bije ya mji, na hapa Kongo ndugu zetu ba Kivu ya Kusini waliijaribu mu miaka ya 2010 na tangu hapo, kwa msaada ya Benki ya Dunia, batu wakawa banaitwa ku mukutano kwa mesaje ya telefone. Ile ya telefone ilinigusa sana, juu kwetu mukutano unatangazwaka ku karatasi yenye kubandikwa ku mulango ya komini, na nani anapitaka pale?

Mara ya pili ya zoezi mukutano ukaenda muzuri. Mifereji ilipoteza, uchafu ya soko ikashinda, na batu benye walitaka mifereji wakakubali juu waliona hesabu. Nimekaa mu mikutano mingi ya kartie na sijaonaka batu wakipoteza na bado wakatoka wakisalimiana.

Kitu ingine ya kusifu: saa. Walituuliza sisi wenyewe mukutano wa raia upangwe saa ngapi, na bamama wakasema, kama munaita saa ine ya asubuhi siku ya soko, museme tu hamututake. Tukaandika ku sheria yetu ya ndani ya komite: mikutano ni kisha saa kumi ya jioni, ao siku ya Mungu. Muzee akaongeza kwamba sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe kulipa kosio (feza ya kuingia mu uchaguzi) kwa liste ya bakandida yenye kuweka wanawake nusu kwa uchache, na akawaambia bamama mu sale musingojee kuitwa kujaza liste, muandae majina yenu sasa. Mama yule wa soko aliandika jina yake ku mubao, mbele yetu sote, na tukapiga makofi.

Sasa malalamiko, na siyo kidogo.

Makaratasi yote ni Kifaransa. Sheria ni Kifaransa, sawa, lakini mifano, mazoezi, hata kuponi ya kujibu, vyote Kifaransa, na nusu ya sale haisomake Kifaransa muzuri. Muzee anatafsiri ku mudomo, anajua Kiswahili ya hapa vizuri sana, lakini kila kutafsiri inakula saa, na mu masomo ya bije tulikosa kumaliza sehemu ya manunuzi, nani anapewa mukataba ya kujenga na namna gani, na ile njo pahali feza inapoteaka. Kutia kurasa ishirini mu Kiswahili haiombi muujiza. Nimewaambia, nimejitolea kusaidia, bado nangoja.

Umeme ilikatika mara nyingi, jenereta yao inapiga kelele mpaka ku banki za nyuma hausikie. Mu Oktoba mbele mvua haijanyesha ile sale inakuwa moto sana, na bazee bengi bako pale. Kuko dirisha zenye hazifunguke. Si neno kubwa, lakini kwa dolari 40 mutu anaweza kufungua dirisha.

Dolari 40 yenyewe. Kwa konseye, sawa. Kwa mwalimu, inauma. Kwa shefu wa avenue, ule anaamushwa usiku bakigombana ku nyumba ya jirani na haku na mushahara, ni nyingi sana, na yeye njo anahitaji masomo haya kupita bote. Wako na nafasi za bure lakini kidogo, na zinaendaka kwa bale banajuana na biro. Hii niliiona, na niliiambia biro yao uso kwa uso. Wafanye kura ya wazi, mbele ya batu, vile wao wenyewe banafundisha.

Na kubwa kupita zote: kisha breve, kimya. Walisema kutakuwa grupe ya WhatsApp yenye formatere atajibu maswali, walisema watapita kutembelea komite mu kartie. Grupe ilifunguliwa, ikajaa mesaje za pole na hongera na video, hakuna mutu wa kuiongoza. Kutembelea, hakuna mutu alikuya. Kazi ya namna hii haiishie ku sale. Konseye anarudi kwake, siku ya kwanza burugumestri anamuambia bije ni siri, na yeye yuko peke yake. Pale njo anahitaji mutu wa kumuambia, hapana, bije siyo siri, andika barua, weka tarehe, chukua akize, ile sahihi ya kuonyesha barua imepokelewa. Muzee mwenyewe anajibu akipigiwa simu, nimepiga na alijibu, lakini yeye ni mutu moja na miaka imeenda, na haiko haki kuweka kazi yote ku simu ya mutu moja mwenye kustaafu.

Ningependa pia wafundishe zaidi juu ya udongo. Ku mipaka ya mji, upande ya komini ya Annexe, parsele inauzwa na huyu na inauzwa tena na ule, shefu wa mila anatia sahihi, komini inatia sahihi, biro ya udongo inatia sahihi, na mama mujane analala inje. Tuliuliza. Muzee akasema hii inaomba wikendi yake peke yake. Basi wapange ile wikendi, batu watakuya, ninawahakikishia.

Nini ilitoka ndani kwangu mimi. Komite yetu iliandika barua ku komini kuomba kuona bije ya mwaka. Sitataja ni komini gani. Biro ya kwanza walisema kesho, ya pili walisema mwenye ufunguo hayuko, tukarudi na kopi ya barua yenye akize na namba ya artikle, tukakaa ku banki ya koridore kwa upole bila kufokea mutu, na musekretere moja, mama ya heshima, akatuingiza na akatufungulia kitabu ku meza yake. Hatukupewa kopi, lakini tuliandika na mukono. Feza ya kusafisha mifereji ilikuwa imeandikwa mule ndani, avenue zetu zimetajwa na jina. Ile karatasi tuliisoma ku mukutano wa kartie, na konseye wetu alikuwa pale, alisimama akasema atauliza suali kwa maandishi. Ameuliza. Jibu bado. Lakini mbele ya hii formasio hatukukuwa na suali yenyewe ya kuuliza, tulikuwa na hasira tu.

Na ku soko, bamama bale walikuwa mu formasio wamepatana: hakuna kitansi, hakuna takse. Siku za kwanza bakolektere walikasirika, kulikuwa maneno. Sasa hivi bamoja wanatoa kitansi bila kuombwa. Si bote. Bamama wanazitunza mu mfuko ya plastiki na kila mwisho ya mwezi wanahesabu namba, vile muzee alionyesha.

Nyota yangu: ine kati ya tano. Muzee peke yake, tano. Bije na zoezi ya mukutano, tano. Makaratasi, mbili. Kufuatilia kisha masomo, moja, na ile moja ni juu ya simu ya muzee.

Kama unaenda: uchukue kalkuleta, kaye yenye kurasa mingi, na maji yako. Ukae mbele juu ya jenereta. Usiende peke yako, enda na mutu moja ya komite yako na moja ya soko, juu mutu moja akirudi na masomo haya mu kartie anaonekana mupinzani, batu batatu banaonekana komite. Uombe kulipa mara mbili kabla ya siku ya kwanza, kisha hapo wanakataa. Kama uko konseye, kuya na bije ya komini yako mukononi kama uko nayo, muzee atakufungulia ku mubao na hutalipa kitu kingine. Na kama biro yao inasoma hapa: tafsiri ya Kiswahili niko tayari kuisaidia bila kulipwa, mwalimu mwenzangu pia, namba zetu munazo mu rejista yenu.